Usugu ni wa Nani? Uhakiki wa Istilahi za Msingi za Jenetiki ya Kimelea cha Malaria kwa Mtazamo wa Bugembe, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Utafiti wa jenetiki ya kimelea cha malaria umeshika kasi mashariki mwa Uganda, hasa baada ya kuthibitika kuwa baadhi ya vimelea nchini humo huchelewa kuuawa na dawa za jamii ya artemisinini. Matokeo ya utafiti huo huandikwa kwa Kiingereza, lakini hufasiriwa kwa wagonjwa, wazazi na viongozi wa mitaa kwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo. Makala hii inahakiki istilahi chache za msingi za Kiswahili katika uwanja huo: usugu, usugu wa sehemu, vinasaba, aina, kurudi na mabadiliko. Hoja kuu ni kwamba kasoro ya istilahi hizi haiko kwenye uhaba wa maneno, bali kwenye kutotaja mwenye sifa inayozungumzwa. Istilahi isiyosema usugu ni wa nani, au vinasaba ni vya nani, humwachia msikilizaji ajaze pengo mwenyewe, na mara nyingi pengo hilo hujazwa kwa mwili wa mgonjwa. Makala inapendekeza kwamba kigezo cha kutaja mwenye sifa kiongezwe katika tathmini ya istilahi za tiba.

1.0 Utangulizi

Bugembe ipo kilomita chache mashariki mwa kitovu cha Jinja, kando ya barabara kuu inayopita Iganga na Tororo hadi mpaka wa Malaba. Ni makao makuu ya Ufalme wa Busoga, na tangu Julai 2020 ni sehemu ya Jiji la Jinja. Lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi ni Lusoga. Luganda husikika redioni na madukani, na Kiingereza ni lugha ya shule na ya faili za hospitali. Kiswahili kimeingia kwa njia zake: kwa madereva wa malori, kwa askari, kwa wafanyabiashara wavukao mpaka wa Kenya, na kwa vibarua wa mashamba ya miwa ya Kakira yaliyo jirani, ambayo kwa miongo mingi yamekusanya watu wa jamii mbalimbali wasio na lugha moja ya mama.

Mazingira hayo yanaifanya Bugembe kuwa mahali pazuri pa kuipima istilahi ya Kiswahili. Jijini Dar es Salaam, istilahi iliyoundwa vibaya huweza kusaidiwa na miaka ya shule, magazeti na matangazo ambayo msikilizaji ameyazoea. Bugembe msaada huo haupo. Neno hufika peke yake, na msikilizaji hulifasiri kwa maana ya kawaida anayoijua, au kwa kulilinganisha na Lusoga na Luganda. Istilahi inayoeleweka hapo bila ya maelezo marefu ina nguvu yake yenyewe, na inayopotosha hapo ina kasoro ambayo kwingineko ilifichwa na mazoea.

Suala hili si la nadharia tupu. Walukuba, katika mji huohuo wa Jinja, pamekuwa mojawapo ya maeneo ya ufuatiliaji wa muda mrefu wa malaria nchini Uganda, sambamba na Nagongera wilayani Tororo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ulioonyesha kwamba kati ya wagonjwa 240 waliotibiwa kwa atesuneti ya sindano, 14 walikuwa na vimelea vilivyochelewa kuondoka damuni. Wagonjwa 13 kati ya hao 14 walikuwa na vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya K13. Mwaka 2024 ulifuata utafiti wa Jinja kwenyewe uliohusu watoto 100 waliolazwa kwa malaria kali. Takriban mtoto mmoja katika kila 10 alikuwa na vimelea vya namna hiyo. Kwa hiyo mzazi wa Bugembe ambaye mtoto wake anachomwa kidole ili tone la damu likaushwe kwenye karatasi ya kuchujia yuko ndani ya sayansi hii, na ana haki ya kuelezwa kinachotafutwa.

Kwa upande wa sera, marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likaidhinisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya yanamaanisha kwamba istilahi za Kiswahili za afya zitawafikia Waganda wengi zaidi katika miaka ijayo. Ni busara kuzikagua kabla hazijaota mizizi.

2.0 Vigezo vya Uhakiki

Uundaji wa istilahi za Kiswahili una historia ndefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba ikafuata mwaka 2003. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwa likisanifisha istilahi tangu lilipoanzishwa mwaka 1967. Kwa upande wa nadharia, mchango unaorejelewa sana ni wa mwanaistilahi wa Uganda, K. B. Kiingi (1989), aliyependekeza vigezo tisa vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA. Kwa Kiswahili vigezo hivyo huweza kutajwa kuwa usahihi, iktisadi, uzalishi, umataifa, uangavu, kuepuka matusi, mfumo, uwiano na ukubalifu.

Vigezo hivi vinafaa, na makala hii inavitumia. Hata hivyo, vyote huliangalia neno na dhana yake, bila kumwangalia kiumbe anayebeba dhana hiyo. Katika fizikia upungufu huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa kasi ni kasi, iwe ya gari au ya jiwe. Katika malaria hali ni tofauti. Tukio moja la ugonjwa lina viumbe watatu: binadamu, mbu na kimelea. Kila mmoja ana jeni zake, na kila mmoja anaweza kupata usugu wa namna yake, maana mbu nao huwa sugu dhidi ya viuatilifu vya vyandarua. Kuna pia dawa, ambayo si kiumbe lakini katika sarufi hutajwa kana kwamba ni mtenda. Istilahi ya uwanja huu isiyotaja mwenye sifa huacha nafasi nne za kukosea.

Ifahamike kwamba msingi wa istilahi ni mzuri. Neno kimelea limetokana na kitenzi mea kupitia kauli ya kutendea, melea, yaani kuota juu ya kitu kingine. Linasema kwa neno moja kwamba kiumbe huyu huishi kwa mwenzake. Ni bora kuliko vidudu au wadudu wa malaria, semi ambazo bado husikika na ambazo humchanganya kimelea na mbu amchukuaye. Luganda kina tatizo kama hilo, kwa kuwa akawuka ni mdudu mdogo na pia ni kiini cha ugonjwa. Kiswahili kimekwishatengeneza njia ya kutokea hapo. Swali ni kwa nini njia hiyo haikufuatwa hadi mwisho.

3.0 Usugu wa Dawa na Malaria Sugu

Istilahi iliyoenea kuliko zote ni usugu wa dawa. Kisarufi, kihusishi cha umilikishi katika kirai hiki huelekeza sifa kwa dawa, kama ilivyo katika ukali wa dawa, uchungu wa dawa au bei ya dawa. Msikilizaji asiye na maelezo ya ziada ana haki ya kuelewa kwamba dawa ndiyo iliyopata usugu, yaani imeharibika, imechakaa au imeghushiwa. Dawa duni na dawa bandia ni tatizo la kweli katika Afrika Mashariki, hivyo ufafanuzi huo una mashiko, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuukanusha. Mgonjwa anayeamini kwamba dawa ndiyo yenye kasoro atabadilisha duka au atadai dawa ya kampuni nyingine, ilhali tatizo liko katika damu anayoibeba.

Malaria sugu ni kirai chenye utata zaidi. Katika Kiswahili cha tiba, ugonjwa sugu ni ugonjwa udumuo muda mrefu, kama kisukari au shinikizo la damu. Kwa hiyo malaria sugu inaweza kuwa malaria isiyokwisha, malaria inayojirudia mara kwa mara, au malaria inayosababishwa na vimelea vinavyohimili dawa. Hizi ni hali tatu tofauti zinazohitaji hatua tatu tofauti. Ya kwanza inahitaji uchunguzi wa chanzo kingine cha homa. Ya pili inahitaji chandarua na udhibiti wa mbu. Ya tatu inahitaji ufuatiliaji wa jeni na pengine mabadiliko ya sera ya matibabu.

Sugu kwa maana yake ya asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Taswira hiyo inapandikiza maana nyingine, kwamba usugu hutokana na mazoea. Mkono hupata sugu kwa kushika jembe, na mwili hupata usugu kwa kumeza dawa. Kutoka hapo ni hatua fupi kusema kwamba mwili umezoea dawa. Fikra hii haiko Afrika Mashariki peke yake. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kuhusu antibayotiki, uliofanywa katika nchi 12, asilimia 76 ya waliohojiwa waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili unapozizoea dawa. Mtu mwenye imani hiyo huona kwamba asiyetumia dawa mara kwa mara hawezi kuathirika na usugu. Ukweli ni kinyume. Mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa ya malaria anaweza kuumwa leo na mbu mwenye vimelea sugu.

Historia ya klorokwini inatoa ushahidi ulio wazi. Uganda iliachana na klorokwini pekee mwaka 2000, na mwaka 2004 ikapitisha mchanganyiko wa atemeta na lumefantrini. Kilichoifanya klorokwini ishindwe ni badiliko katika jeni ya kimelea iitwayo pfcrt, ambayo nafasi yake katika usugu ilibainishwa mwaka 2000. Malawi iliacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Baada ya zaidi ya miaka 10 dawa ileile ilijaribiwa tena nchini humo na ikaponya karibu wagonjwa wote. Dawa haikuwa imetengenezwa upya, wala miili ya Wamalawi haikuwa imesahau lolote. Vimelea vyenye badiliko vilipungua na vile visivyo nalo vikatamalaki tena. Historia hii haiwezi kusimuliwa kwa istilahi usugu wa dawa bila kujipinga, kwani usugu uliondoka na dawa ikabaki vilevile.

Suluhisho lipo tayari. Waandishi makini nchini Tanzania hutumia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kifupisho UVIDA kimeanza kuzoeleka katika nyaraka za afya. Kirai hiki kinamtaja mwenye usugu na kinachopingwa. Pingamizi la kwamba ni kirefu linajibiwa na kifupisho chenyewe. Kwa malaria, usugu wa vimelea unatosha pale ambapo dawa imekwishatajwa.

4.0 Usugu wa Sehemu

Hali iliyoonekana Gulu na Jinja haiitwi usugu bila ya kivumishi. Shirika la Afya Duniani huitambua kuwa usugu usiofika ukomo. Kipimo chake ni muda unaotumika kupunguza vimelea kwa nusu, na muda huo ukizidi saa 5, vimelea huhesabiwa kuwa vinachelewa kuondoka. Athari hiyo huonekana hasa katika hatua changa ya kimelea ndani ya chembe nyekundu ya damu. Mgonjwa bado anaweza kupona kabisa mradi dawa ya pili katika mchanganyiko ifanye kazi yake.

Tafsiri inayojitokeza ni usugu wa sehemu. Kwa bahati mbaya, sehemu katika Kiswahili ni fungu la kitu na pia ni mahali. Ukiwaambia watu wa Bugembe kwamba usugu wa sehemu umeonekana Jinja, wengi wataelewa kuwa ni usugu wa eneo fulani, labda wa mtaa mmoja, na wasiokaa mtaa huo watajiona salama. Nusu usugu haifai pia. Inadokeza kipimo cha asilimia 50 kisichokuwepo, na humfanya msikilizaji ahesabu kwamba nusu ya wagonjwa hawatapona.

Makala hii inapendekeza usugu usio kamili, ukifuatwa na fasili fupi: vimelea kuchelewa kuisha damuni. Kirai cha kwanza kinafaa kwenye ripoti, na cha pili kinafaa mdomoni mwa mhudumu. Tofauti hii ina uzito wa kisera. Mshauri anayeripoti kwamba dawa zimepata usugu Jinja anaweza kusababisha wagonjwa waache dawa inayoponya bado. Anayeripoti kwamba hakuna tatizo anachelewesha maandalizi. Istilahi iliyo sahihi humruhusu kusema mambo mawili kwa pamoja: endeleeni kumaliza dozi, na serikali iendelee kufuatilia.

Hapa pia panafaa kusifiwa istilahi dawa mseto, iliyokubalika Tanzania kwa mchanganyiko wa atemeta na lumefantrini. Kila mpishi anajua kwamba mseto hupikwa kwa vitu viwili au zaidi. Kwa jina hilo ni rahisi kueleza kwa nini kuchelewa kwa dawa ya kwanza hakujaua matumaini, na kwa nini kushindwa kwa ya pili kutakuwa hatari. Nchini Uganda dawa hiyo hutajwa zaidi kwa jina la biashara, Coartem, ambalo haliwaambii wengi chochote kuhusu uwili wake.

5.0 Vinasaba: vya Mtoto au vya Kimelea?

Neno vinasaba limepata nguvu Tanzania kwa maana ya DNA, na limeingia hata katika sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Limetokana na nasaba, yaani ukoo na uzao. Uangavu wake ndio ulioliuza, na uangavu huohuo ndio unaoliponza katika utafiti wa malaria.

Kwanza, maana yake imetanuka kupita kiasi. Katika sekta ya nishati nchini Tanzania, vinasaba ni kemikali zinazotiwa katika mafuta ya petroli na dizeli ili kutambua yaliyolipiwa kodi. Hakuna jeni wala uzao katika dizeli. Neno limebaki na maana ya alama ya utambulisho tu.

Pili, na hili ni zito zaidi, masikioni mwa watu wengi vinasaba ni kipimo cha kuthibitisha baba wa mtoto. Uganda ina hali kama hiyo. Neno la Luganda la DNA, endagabutonde, yaani kionyesha asili, lilivuma mwaka 2023 wakati vyombo vya habari vilipojaa habari za wanaume wanaopima watoto wao. Katika mazingira hayo, mtafiti akimwambia mzazi kwamba damu ya mtoto itapimwa vinasaba, hajatoa taarifa ya utafiti wa malaria, bali ameibua swali la ndoa. Mama anaweza kukataa kwa sababu isiyohusiana na malaria. Baba anaweza kukubali kwa matumaini ya kupata jibu ambalo maabara haitalitoa. Katika hali zote mbili, ridhaa iliyotolewa au kunyimwa haikuhusu utafiti uliokusudiwa, na kanuni ya ridhaa inayotokana na kuelewa imevunjwa kwa neno moja.

Njia salama ni kutumia jeni kwa kipande chenye maelekezo, DNA kwa kemikali inayobeba maelekezo, na jenomu kwa jumla ya maelekezo yote ya kiumbe, kisha kumtaja mwenyewe kila mara: jeni za kimelea. Maneno haya ya kutoholewa hayana uangavu, na kigezo cha Kiingi kingeyapunguzia alama. Hata hivyo, pale uangavu unapomulika mahali pasipohusika, neno lisilo na taswira ni afadhali. Inafaa pia fomu ya ridhaa iseme kinyume chake kwa uwazi: kinachosomwa ni jeni za vimelea vilivyomo katika damu, na uzazi wa mtoto haupimwi. Pale ambapo utafiti unahusu jeni za binadamu kweli, kama ile ya selimundu inayompa mtoto kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali, fomu iseme hivyo pia bila kuficha.

6.0 Aina, Ukoo na Kurudi

Neno aina hubeba mzigo usiobebeka. Husemwa kwamba kuna aina tano za vimelea vya malaria kwa binadamu, na hapo aina ni spishi: falsiparamu, vaivaksi, ovale, malarie na nolesi. Husemwa pia kwamba mgonjwa ana aina tatu za vimelea, na mara nyingi hapo hukusudiwa koo tatu zenye jeni tofauti ndani ya spishi moja ya falsiparamu. Husemwa vilevile kwamba kuna malaria ya aina mbili, kali na isiyo kali, na hapo aina ni kiwango cha ugonjwa. Mshauri wa sera anayesoma kwamba aina mpya imeonekana Jinja hawezi kujua kama ni spishi mpya, ukoo mpya au ugonjwa mkali zaidi.

Makala hii inapendekeza spishi kwa ngazi ya juu, ukoo wa vimelea kwa uzao wa kimelea mmoja, na sampuli kwa vimelea vilivyokusanywa kutoka kwa mgonjwa. Ukoo una faida ya kueleweka Busoga, ambako koo ni msingi wa utambulisho wa mtu. Una mpaka wake pia. Watu wa ukoo mmoja hawafanani kwa jeni zote, ilhali vimelea vilivyogawanyika kutoka kimelea kimoja damuni hufanana. Kwa matumizi ya maabara pekee, kloni inaweza kusimama kando ya ukoo ili kulinda usahihi.

Dhana ya ukoo inafungua maelezo ya tofauti za mahali. Uchunguzi wa mbu uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mkazi wa Nagongera aliumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka, wakati Walukuba mara hizo zilikuwa chache mno. Mtu anayeumwa mara nyingi hubeba koo nyingi kwa wakati mmoja, na koo hizo zikikutana tumboni mwa mbu huzaliana na kuchanganya jeni.

Hapo ndipo kitenzi kurudi kinapohitaji kuhakikiwa. Mgonjwa aliyepona akiugua tena baada ya wiki nne, watu husema malaria imerudi. Kuna uwezekano wa mambo matatu. Vimelea vya awali vilibaki wachache damuni vikaongezeka tena. Au vimelea vilivyolala iniini viliamka, jambo ambalo kwa falsiparamu halitokei lakini kwa vaivaksi na ovale hutokea. Au mbu mwingine ameleta maambukizi mapya. Maabara hutofautisha uwezekano wa kwanza na wa tatu kwa kulinganisha jeni za vimelea vya siku ya kwanza na vya siku ya kurudi. Bila ya ulinganisho huo, dawa nzuri huweza kuhukumiwa katika eneo lenye mbu wengi, na dawa iliyoanza kushindwa huweza kuachwa iendelee. Istilahi tatu zinahitajika: kuibuka upya kwa hali ya kwanza, kuamka kwa ya pili, na maambukizi mapya kwa ya tatu. Kurudi libaki kuwa neno la mgonjwa, na takwimu zisilitumie.

7.0 Mabadiliko na Mchujo

Katika habari za afya husemwa kwamba vimelea hujibadilisha ili kuikwepa dawa, au vimejifunza kuishi nayo. Kiambishi ji kinampa kimelea hiari, na kitenzi kujifunza kinampa akili. Jenetiki haisemi hivyo. Badiliko la jeni hutokea kwa nasibu wakati DNA inaponakiliwa. Mengi hayana faida, na baadhi humdhuru kimelea mwenyewe. Dawa ikiingia damuni huua wasio na badiliko la kuwalinda na kuwaacha walio nalo. Dawa haikufundisha. Imechuja.

Kwa hiyo mchujo wa dawa ni istilahi inayofaa zaidi kuliko uchaguzi wa dawa, ambao kwa msikilizaji wa kawaida ni kuchagua dawa ya kununua. Mchujo humweleza pia kwa nini dozi isiyokamilika na matumizi ya dawa bila ya kipimo ni hatari kwa jamii. Chujio linapotumika ovyo, wanaobaki ni wale wasiotakiwa.

Mfano wa alama za kisayansi unaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maelezo haya bila shida. C469Y na A675V, mabadiliko mawili ya K13 yaliyoonekana Uganda, husomwa hivi: katika protini ya K13, asidi amino iliyo nafasi ya 469 ilikuwa sistini na sasa ni tirosini, iliyo nafasi ya 675 ilikuwa alanini na sasa ni valini. Herufi ya mwanzo ni ya zamani, namba ni nafasi, herufi ya mwisho ni mpya. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufuata maelezo hayo katika aya moja.

Hata hivyo, maarifa ya jenetiki yanayofundishwa shuleni yanaweza kupotosha hapa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kila jeni huwa na aleli mbili, moja ya baba na nyingine ya mama, na kwamba aleli moja huweza kuifunika mwenzake. Kimelea cha malaria ndani ya binadamu ni haploidi. Kina seti moja tu ya kromosomu 14, hivyo kila jeni ina aleli moja na hakuna cha kuifunika. Huwa na seti mbili kwa muda mfupi tu ndani ya mbu. Maabara ikikuta aleli mbili katika damu ya mgonjwa mmoja, maana yake ni kwamba mgonjwa ana koo mbili, ambazo mojawapo tu inaweza kuwa na usugu. Swali lilelile linarejea: aleli ni za nani?

8.0 Pingamizi na Majibu

Wapo watakaosema kwamba istilahi hizi ni za wataalamu na wataalamu hutumia Kiingereza. Hoja hii inasahau kwamba fomu ya ridhaa, tangazo la redio na kikao cha baraza la mtaa si mikutano ya wataalamu, na ndiko istilahi hufanya kazi yake ngumu. Wengine watasema kwamba usugu wa dawa umezoeleka na mazoea hayapingwi. Ukubalifu ni kigezo halali, lakini Kiingi aliuweka kuwa kimoja kati ya tisa. Zaidi ya hayo, nchini Uganda mazoea hayo bado hayajajengeka, na ni rahisi kupanda mche ulionyooka kuliko kuunyosha mti.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kwa nini Kiswahili, na si Lusoga au Lugisu, lugha za watu wa Jinja na Mbale? Jibu la haki ni kwamba Kiswahili hakipaswi kuzichukulia nafasi lugha hizo. Mama wa Bugembe aelezwe kwa Lusoga, na wa Mbale kwa Lugisu. Lakini vimelea na watu huvuka mipaka ya lugha katika barabara ileile, na ripoti ya Jinja inahitaji kusomwa Kisumu, Mwanza na Bukavu. Istilahi ya Kiswahili inayomtaja mwenye sifa ni rahisi pia kufasiriwa kwa lugha za Kibantu jirani, kwa kuwa muundo wa umilikishi unafanana. Iliyo na kasoro husafirisha kasoro yake.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi za msingi za jenetiki ya kimelea cha malaria hupotosha kwa namna moja inayojirudia: hutaja sifa bila ya mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba lawama huelekezwa kwa dawa, kwa mwili wa mgonjwa au kwa ndoa ya wazazi, na kimelea hutoweka katika mazungumzo yanayomhusu. Mapendekezo manne yanafuata.

Mosi, vyombo vya usanifishaji, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viongeze kigezo cha kutaja mwenye sifa katika tathmini ya istilahi za afya. Pili, usugu wa vimelea uchukue nafasi ya usugu wa dawa katika nyaraka rasmi, na usugu usio kamili utumike kwa hali iliyothibitishwa Uganda. Tatu, neno vinasaba lisitumike katika fomu za ridhaa za utafiti wa malaria, na kamati za maadili ya utafiti zidai kauli ya wazi kuhusu jeni za nani zinazosomwa. Nne, istilahi zijaribiwe kabla ya kusanifishwa katika maeneo kama Bugembe, ambako Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne, kwa kumwomba msikilizaji aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Akijibu kwamba usugu ni wa dawa, au ni wa mtoto wake, istilahi irudishwe kwa waundaji wake.